Siku Nyar Uyoma Alipofungua Shamba

Mvua ilinyesha Jumatano, ikanyesha tena Alhamisi, na kufikia Ijumaa asubuhi majirani wetu wote walikuwa shambani wameinama. Sisi tulikuwa tumesimama uani na mbegu mikononi. Hakuna aliyeruhusiwa kupanda hata punje moja. Katika boma la Waluo, mama wa boma ndiye anayefungua shamba. Yeye hutia mbegu za kwanza ardhini, mke wa mwana mkubwa hufuata, kisha wengine kwa zamu zao. Ukimruka umemtukana, na hata hawa vijana wanaojifanya hawaamini mambo ya zamani sijaona mmoja akithubutu. Mimi ni Mbukusu, jina langu Nekoye, na kwetu Bungoma mambo hayaendi hivi. Lakini nimeolewa hapa Seme miaka ishirini na saba, nimeshajifunza kungoja.

Tuliyekuwa tunamngoja ni mama mkwe wangu, Adero, mwenye umri wa miaka themanini na moja. Miezi mitano kabla ya Ijumaa hiyo alikuwa hawezi kuinuka kitini bila kushikwa makwapa. Na si mahindi peke yake yaliyokuwa yakingoja. Kama hangefika shambani kwa miguu yake mwenyewe na kupanda, mume wangu Frankline angempakia kwenye pikapu siku hiyohiyo, ampeleke Kisumu kuishi katika chumba cha kupanga, na nyumba yake ifungwe. Walikuwa wamekubaliana hivyo, mama na mwana, na mimi nikiwa shahidi.

Ngoja kwanza niwaambie huyu mama ni nani, la sivyo mtadhani natia chumvi.

Alizaliwa Uyoma, ndiyo maana hapa kila mtu humwita Nyar Uyoma, binti wa Uyoma, kama vile mimi ninavyoitwa Nyar Bungoma hata na watu wasiojua Bungoma iko wapi. Aliolewa akiwa msichana, akazaa watoto sita, akazika wawili, kisha akamzika na mume. Maisha yake yote aliuza samaki. Alikuwa anatoka ufuoni na kapu kichwani hadi soko la Kombewa, na siku nyingine anaendelea hadi Otonglo, kwa miguu, akirudi jioni anapika. Siku yangu ya tatu hapa nikiwa bibi harusi alinichukua twende tukateke maji ziwani. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, yeye hamsini na minne. Aliniacha nyuma na mtungi umejaa kichwani. Nilipofika nyumbani nikihema, alikuwa ameshawasha moto, na akaniuliza mbele ya mashemeji zangu wote kama huko Bungoma tunatembelea magoti. Nilimchukia wiki nzima. Baadaye nilimpenda, lakini hilo lilichukua miaka.

Sasa sikilizeni jinsi tulivyomharibu, kwa sababu ni sisi, na tulifanya kwa mapenzi.

Alipotimiza miaka themanini tulifanya ibada ya shukrani. Watoto walikuja wote. Frankline, ambaye ana karakana ya kuchomelea vyuma kule Obunga mjini Kisumu na huja nyumbani Jumamosi, alileta kiti cha sofa chenye mito minene, kirefu hata mtu akizama ndani haonekani. Tukakivika vitambaa vya kufuma. Akasimama mbele ya waumini akasema, "Mama yangu amefanya kazi ya kutosha. Kuanzia leo kazi yake ni kukaa." Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Basi Mama akakaa. Jembe lake tukalificha kwenye banda la ng'ombe. Maji tukamtekea, moto tukamwashia, hata viatu tukamvalisha. Akitaka kuinuka kufuata kijiko, watu watatu wanasema, "Mama, kaa, kaa!" Samaki tukaacha kumpa tukiogopa miiba, tukawa tunampa uji asubuhi, chai na mkate mchana, na uji tena jioni. Mgeni akija anatusifu kwamba hapa kuna watoto wanaojua heshima. Msimu wa kupanda ulipofika alifungua shamba nikiwa nimemshika mkono mmoja na shemeji yangu mwingine, sisi tunachimba, yeye anadondosha punje. Nikajiambia ni umri tu. Na mnajua? Nilikuwa najivunia.

Mwezi wa nane alianguka kati ya kitanda na mlango. Mimi nilikuwa sokoni Kombewa. Alianguka saa nne asubuhi, nikamkuta saa tisa, palepale sakafuni, midomo imekauka, amejifunika kitambaa alichokivuta kutoka mezani. Hakuvunjika kitu. Lakini tangu siku hiyo alikuwa haamini miguu yake, akalala kitandani wiki tatu, na alipotoka alikuwa amebaki mifupa na macho. Frankline alikuja akakaa naye, kisha akatoka nje akaniambia, "Hawezi kuishi kwa nyumba peke yake tena. Nitatafuta chumba Kisumu karibu na mimi, nitaandika mtu wa kumuangalia."

Nitasema ukweli wangu hapa, maana hakuna atakayenipiga. Nilipolisikia hilo, nilihuzunika, lakini pia kitu kidogo ndani yangu kilifurahi. Mama akienda, mwenye kuamua habari za shamba ni mimi. Nililifikiria jambo hilo siku mbili, nikaona haya, nikaacha.

Mwezi wa kumi nilimpeleka hospitali kuchukua dawa za presha, na siku hiyo kulikuwa na mtu wa mazoezi ya viungo anayewaona wazee. Anaitwa Wechuli, kijana wa kwetu kabisa, tukasalimiana Kibukusu nikafurahi. Akamwambia Mama akunje mikono kifuani kisha ainuke kitini na kuketi tena, mara tano. Mama hakuinuka hata mara moja. Alisukuma, akatetemeka, akarudi chini. Akapewa chombo cha kufinya mkononi, mshale ukasogea kidogo tu. Yule kijana aliandika, kisha akaniuliza mimi, "Mama hufanya kazi gani nyumbani?"

Nikajibu kwa madaha, "Hakuna. Tunamfanyia kila kitu."

Wechuli aliweka kalamu chini. "Basi nyinyi ndio ugonjwa," akasema.

Nilitaka kumzaba kofi! Mbukusu mwenzangu, mbele ya mama mkwe wangu! Lakini alivuta kiti akaanza kutueleza polepole, akimtazama Mama na si mimi, na nikajikuta nasikiliza. Alisema mwili ukizeeka hupunguza nyama za misuli, hilo halikwepeki. Lakini mzee akikaa bila kutumia miguu, nyama hizo huisha mbio kuliko umri wake unavyotaka. Siku kumi za kulala tu zinaweza kumnyang'anya nguvu ambazo zitachukua miezi kurudi. Halafu hana tena kitu cha ziada mwilini, hata kikohozi kidogo kinamwangusha. Na mtu wa uji na chai, misuli itajengwa na nini?

Mama alimkazia macho. Akauliza, "Kwa hivyo si Mungu ananiita?"

"Mambo ya Mungu mimi sijui, Mama," Wechuli akasema. "Siwezi kukuahidi miaka. Macho yako yamechoka na moyo wako pia ni wa miaka themanini na moja. Lakini miguu bado inasikia. Ukiifundisha, itasikia."

Mama alicheka. Yawa! Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akicheka tangu aanguke, na alicheka mpaka wagonjwa wengine kwenye foleni wakageuka.

Tulipofika nyumbani, kabla sijavua viatu, alisema, "Nyar Bungoma, toa hii kiti kwa nyumba yangu." Nikaiburuta ile sofa hadi kwangu, na mpaka leo Frankline ndiye huizamia kila Jumamosi akikoroma. Mama akachukua kiti kigumu cha mbao. Kisha akasema anataka samaki. Nikasema, "Mama, miiba." Akaniambia, "Miiba najua tangu huyo mume wako hajazaliwa. Leta samaki." Akala, na siku iliyofuata akala mayai, omena wale dagaa wa ziwani, maharagwe, nami nikawa mtu wa kukimbizana na kuku kutafuta mayai yalipofichwa.

Mazoezi yalikuwa asubuhi na jioni. Wechuli alitaka ainuke mara tano. Mama alisema zitakuwa sita, kwa sababu ana watoto sita, na aliwahesabu kwa majina: anainuka kwa Frankline, anaketi, anainuka kwa Achola, anaketi. Wiki ya kwanza aliishia kwa Frankline, tena kwa kujishikilia. Wiki ya nne akafika kwa Achola. Siku alipofika kwa Opondo, wa tatu, nilipiga kelele hata mbuzi wakakimbia. Mwezi wa kumi na mbili aliwafikia wote sita, pamoja na wale wawili waliolala nyuma ya nyumba, na kwa hao wawili aliinuka polepole akasimama kidogo kabla ya kuketi. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni nikijifanya napanguza sufuria.

Kisha Wechuli akasema Mama ajifunze kuinuka kutoka chini kabisa. Kuanguka, alisema, kunaweza kutokea kwa yeyote, lakini kubaki chini kwa saa tano ndiko kunakoua. Kwa hiyo tulitandika mkeka. Mama analala chini, anageuka ubavu, anajiinua kwa kiwiko, anakwenda kwa magoti na mikono, anashika kiti, anaweka unyayo mmoja, anainuka. Ukitazama kutoka mlangoni, ulichokiona ni mke wa mwana amesimama na mama mkwe wake anatambaa sakafuni. Na aliyetazama kutoka mlangoni ni Aloo, jirani yetu, mwenye mdomo unaofika Kisumu kabla ya simu.

Jumamosi hiyo pikapu iliingia uani kwa kasi. Frankline hakuzima hata injini.

"Nekoye! Wewe unafanya mama yangu anatambaa kwa floo? Mama yangu?"

"Ndio!" nikamwambia. "Na wewe ulimnunulia kiti cha kumuua!"

Tulipigizana kelele hapo uani na sina hamu ya kuandika yote tuliyoambiana. Mama akatoka. Alitoka mwenyewe, akashuka ile ngazi moja ya mlango bila kushika ukuta.

"Frankline, zima gari, unamaliza mafuta," Mama akasema. Akazima. "Sasa sikia. Mvua ikikuja, mimi natoka hii mlango, nafika shamba, nachimba, napanda. Mtu asinishike. Nikishindwa, naingia gari yako twende Kisumu, na hutasikia neno kwangu."

"Na ukianguka, Mama?"

"Nikianguka ni kwangu nimeanguka."

Frankline alikaa kwenye ukingo wa pikapu. Ana miaka hamsini na kitu, na mikono yake imejaa alama za moto wa kazi yake. "Mama, kila simu ikilia usiku ama mchana, mimi nafikiria ni Nekoye, ananiambia umepatikana chini. Hizo saa tano mimi sijasahau."

"Hata mimi sijasahau," Mama akasema. "Mimi ndiye nilikuwa hapo chini."

Frankline akakubali. Nilimwonea huruma mume wangu siku hiyo, hasira zangu zikaisha.

Tulihesabu kwamba mvua ingekuja mwisho wa mwezi wa tatu. Kumbe! Mwanzoni mwa mwezi huo Mama alishikwa na kikohozi, akalala siku sita, na alipoinuka watoto sita walikuwa wamerudi kuwa watatu. Wiki moja ya kitanda ilikuwa imekula miezi ya jasho. Nililia jikoni. Yeye akala yai, akaanza upya, na alipofika kwa wa nne, mvua ikaja, wiki mbili kabla ya hesabu yetu.

Ndipo ikawa ile Ijumaa.

Frankline alifika saa tatu. Alifungua mlango wa pikapu upande wa abiria, akaweka mto juu ya kiti, kisha akasimama hapo akizungusha funguo kidoleni. Aloo na wanawake wawili walikuwa wamejipanga kwenye ua wa miti wakijifanya wanangoja mtu. Na Mama akatoka. Alikuwa amevaa gambuti, amejifunga leso kiunoni, jembe mkononi kama fimbo. Tangu asubuhi alikuwa anatucheka, mara eti Frankline amenenepa, mara eti mimi nimeshika mbegu kama mtu anayeogopa kuibiwa. Nilimwona mchangamfu kabisa.

Kutoka mlangoni kwake hadi shambani ni mwendo wa kupita banda la ng'ombe, kuteremka kidogo, kisha pengo kwenye ua. Udongo wetu ni mweusi, ukilowa unakamata mguu na kuutelezesha kwa wakati mmoja. Alipita banda. Nilikuwa nyuma yake hatua tatu na mikono yangu nimeifungia mgongoni, kwa sababu ilikuwa inataka kwenda kumshika yenyewe. Alianza kuteremka. Jembe, mguu, mguu. Jembe, mguu, mguu. Nikaanza kunong'ona "endelea, endelea, endelea," kama mtu aliyeweka roho yake yote kwenye mechi.

Kwenye pengo la ua akateleza.

Hakuanguka kwa kishindo. Miguu ilikwenda mbele, yeye akaenda chini kwa ubavu, taratibu, na tope likaruka. Aloo alipiga ukelele. Frankline alikuwa ameshamfikia, mikono tayari chini ya kwapa.

"Weyauru!" Mama akafoka. Niacheni! "Frankline, toa mkono!"

"Mama, tafadhali—"

"Toa!"

Akatoa. Sijui alipata wapi nguvu ya kutoa. Tukasimama, mtu mzima na mke wake, tukimtazama mama wa miaka themanini na moja kwenye tope, na hakuna aliyemgusa. Nimefanya mambo magumu maishani, lakini hilo sitaki kulirudia.

Aligeuka ubavu. Akajiinua kwa kiwiko. Akaenda kwa magoti na mikono, leso imeloa yote, akapumua. Hakukuwa na kiti, kwa hiyo alilikita jembe mbele yake akalishika kwa mikono miwili. Akaweka unyayo mmoja. Akasukuma. Akarudi chini. Frankline alifunga macho. Mama alisukuma tena, gambuti ikateleza, akarudi tena chini, na safari hii alikaa muda mrefu kichwa kimeinama hata nikafikiri yamekwisha. Nilimwona anasogeza midomo. Kisha akatoa unyayo wenye gambuti iliyokwama, akaiacha gambuti kwenye tope, akakanyaga kwa mguu mtupu, vidole vikauma udongo, na akainuka! Akainuka, magoti yakitetemeka, akanyooka, akasimama!

Vigelegele vya Aloo nadhani vilisikika mpaka ziwani. Yule yule mwenye mdomo! Wale wanawake wengine wakajibu, nami nikaruka juu na mbegu zangu zikamwagika. Mama hakututazama. Aliingia shambani na gambuti moja, akachimba shimo, akatia punje tatu, akafunika kwa mguu. Akachimba la pili. La tatu. Alipumzika, akachimba mpaka yakawa matano. Kisha akageuka, uso wote umejaa tope na meno mawili ya mbele yako nje kwa kucheka.

"Nyar Bungoma, mbona unasimama? Zamu yako."

Nilipanda nikilia, na nilipanda vibaya, mstari umepinda mpaka leo unaonekana. Frankline alivua viatu vyake vya mjini akaja kuing'oa gambuti ya mama yake kwenye tope. Aliisafisha kwa shati lake. Alimvalisha akiwa amepiga magoti, na Mama akampapasa kichwani mara moja akasema, "Chukua jembe, nyathina. Wewe pia una mikono." Nyathina ni mwanangu.

Mvua nyingine ilikuwa inakusanyika upande wa ziwa na mbegu tulizokuwa nazo hazikutosha, nyingine nilikuwa nimezimwaga. Mama akanituma nyumbani kwake nikalete debe la mbegu lililobaki nyuma ya mlango. Nikakimbia. Nilipousukuma mlango uligonga kitu. Lilikuwa begi lake la safari.

Lilikuwa limejaa na kufungwa. Sikuweza kujizuia, nikalifungua. Nguo zake zote zilikuwa zimekunjwa vizuri, nguo ya kwaya juu ya nyingine, Biblia, dawa za presha, picha ya marehemu mzee imezungushiwa taulo. Na juu kabisa, kufuli ya mlango ikiwa na ufunguo wake. Alikuwa amefunga kila kitu asubuhi ile, kabla ya kutoka kutucheka, kabla ya gambuti na leso. Kumbe yule mama alikuwa na hofu kuliko sisi sote, na alikuwa tayari kutimiza neno lake.

Niliketi kitandani mwake nikatoa nguo moja moja nikazirudisha kwenye sanduku. Picha ya mzee nikaitundika kwenye msumari wake. Kufuli nikaitia mfukoni mwangu.

"Nyar Bungoma!" sauti ikaja kutoka shambani, ya ukali, ile ile ya muuza samaki. "Umelala huko ndani? Mvua inafika!"

"Nakuja, Mama!" nikaitikia, nikabeba debe, nikatoka mbio.